Udongo Hadi Magotini

Mgori, 14 Mei 2023

Dada yangu Luciana,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu, na ninyi Walutheri mnaruhusiwa kuitikia. Sisi huku wazima, alizeti zimevunwa, na mguu wangu upo palepale ulipouacha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ni ya mume wangu Antipasi, na huyo hajui kuongea bila spika. Nikitaja mguu, boma zima linasikia. Fredrick wa lori la alizeti kasema anapita Iguguno kwako kila akipakia, basi huyo ndiye posta yetu.

Dada, tangu tulipoachana pale wodini nimeshika kila kitu alichotufundisha nesi Theodora. Kila asubuhi naosha mguu kwa sabuni na maji ya kawaida, nafuta taratibu, halafu katikati ya vidole nakausha kwa kitambaa changu ambacho hakishikwi na mtu. Nachungulia kila mkunjo kama mtu anayetafuta chawa. Jioni nauinua juu ya gunia. Viatu sivui hata uani. Homa ile ya kututetemesha kama kuku waliolowa haijanirudia, namshukuru Mungu.

Sasa sikia. Aneth ameposwa. Kijana anaitwa Sostenes, fundi seremala, kwao Unyambwa. Nimelia kwa furaha, halafu nikalia tena kwa hofu. Unakumbuka nilikusimulia yule mchumba wa kwanza, ambaye shangazi yake aliniona kisimani kitenge kimepanda, na baada ya hapo hakurudi mtu hata kuuliza hali. Walisema matende ni ugonjwa wa ukoo, kwamba atazaa miguu kama ya bibi yao. Aneth ana miaka ishirini na saba. Antipasi kaniambia, "Hawa wakiuona huo mguu, binti utazeeka naye jikoni."

Na desturi ya huku kwetu unaijua. Kabla ya wakwe kupokelewa, wanawake wa pande zote mbili wanakutana kukandika nyumba ya binti. Mama wa binti ndiye anayetangulia kuingia kwenye udongo kuukanyaga, peku, na mama wa kijana anamfuata. Asiyeingia anaonekana hataki ndoa.

Niombee, dada. Sijui nifanyeje.

Mdogo wako,
Emiliana


Iguguno, 26 Mei 2023

Mama Aneth mpenzi,

Marahaba. Milele amina, nimeitikia, usije ukaniripoti kwa katekista.

Nimesoma barua yako nimekaa barabarani kwenye meza yangu ya mafuta ya alizeti, mguu nimeupandisha juu ya kreti tupu. Dereva mmoja wa basi kapunguza mwendo akaniambia, "Mama, huo mzigo unaenda wapi, nikuwekee juu?" Nikamwambia unaenda kwa mama yako, mwambie aupokee vizuri. Abiria wakacheka mpaka akaondoa gari. Mimi siufichi tena. Ila mimi binti zangu wameshaolewa, kwa hiyo sikuhukumu.

Hofu ya wakwe naielewa. Lakini udongo, Emiliana, hapana. Udongo ule umechanganywa na mavi ya ng'ombe, una vijiti, una changarawe, pengine una chupa iliyovunjika tangu enzi za babu yenu. Mguu wako ngozi yake imevutika kama ngoma, na katikati ya vidole hapakosi pamechanika hata kama hupaoni. Nesi Theodora alitufundisha kwamba mlango wa ugonjwa ni upana wa unywele. Kwenye mguu wa mwingine mchubuko unapona wenyewe. Kwenye wetu vijidudu vikiingia havitoki, vinakaa humo kwenye maji yaliyotuama, na kila homa ikiondoka inauacha mguu mkubwa kuliko ilivyoukuta. Mimi huu wa kushoto niliuharibu kwa kumwachia mtu auchanje na wembe aweke dawa. Nilikuwa navaa viatu vya kununua dukani hadi siku ile.

Basi sema uongo mwingine, Mungu atakusamehe. Sema mgongo. Mgongo hauna ukoo. Kaa kwenye kigoda, waelekeze, wachekeshe, waimbishe. Mwambie dada wa Antipasi aingie kwa niaba yako.

Nakutumia tyubu mbili za dawa ya fangasi na kitambaa cheupe. Fredrick kaniuliza ni nini, nikamwambia ni siri za wanawake, akakimbia.

Nijibu upesi.

Luciana


Mgori, 19 Juni 2023

Dada Luciana,

Shikamoo. Mungu ni mwema. Wakwe wamekuja, wamekandika, wamekula, wamekubali. Mama yake Sostenes anaitwa Asnath, mama wa Kanisa, sauti nzito kama ya mwanamume, anapenda utani. Kanikumbatia akaniita pacha wake. Ndoa ni Agosti, wakishauza alizeti.

Nilikaa kwenye kigoda kama ulivyosema.

Nyumba imependeza, ungeiona. Tulichora mistari kwa vidole kuzunguka madirisha. Aneth anaimba tangu alfajiri. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu yule wa kwanza alipotoweka.

Nisamehe barua ni fupi na mwandiko umekaa vibaya. Nimejifunika blanketi hapa nje, jua lipo kichwani lakini nasikia baridi, nadhani ni uchovu wa wageni. Kinena nacho kinaniuma kidogo upande mmoja. Nitapumzika.

Dawa nimepata, asante sana.

Emiliana


Iguguno, 25 Juni 2023

Emiliana,

Salamu baadaye. Mtu anayetetemeka chini ya blanketi jua la saa saba hana uchovu wa wageni. Hayo maumivu ya kinenani ni mtoki, umelala nao wodini pamoja nami, leo unauita kinena kinauma kidogo?

Angalia mguu. Kama umekuwa mwekundu, kama una joto ukiweka mkono, kama kuna mstari unapanda juu, ondoka leo kwenda hospitali. Usiukande kwa maji ya moto. Usimwache mtu auchue. Lowesha kitambaa maji baridi uweke, kunywa maji, na mwambie Antipasi akodi pikipiki. Akisema subiri, mwambie Luciana wa Iguguno anakuja na mguu wake wote kukaa sebuleni kwake siku ya harusi, mbele ya wageni. Atapata pikipiki.

Fredrick anasema lori linarudi Mgori kesho. Nimemwambia barua hii asikupe mkononi ukaiweka chini ya godoro. Asimame mpaka uisome.

Na nina swali, nijibu kwa Mungu mmoja. Ulikaa kwenye kigoda?

Luciana


Singida, hospitalini, 22 Julai 2023

Dada Luciana,

Shikamoo. Barua yako Fredrick aliisoma yeye kwa sauti, maana nilikuwa sioni vizuri. Aneth alikuwepo, Antipasi alikuwepo. Pikipiki ilipatikana, lakini nilifika hapa nimeshaanza kuongea na marehemu mama yangu. Wameniwekea dripu siku nyingi. Ngozi ya mbele imebabuka kama maganda ya viazi vilivyochemshwa. Sasa homa imeshuka na naweza kushika kalamu, kwa hiyo nakujibu.

Sikukaa kwenye kigoda.

Nilikuwa nimekiweka kigoda, dada, haki ya Mungu. Nilikuwa nimeshasema habari za mgongo. Asnath akasema, "Pacha wangu, mgongo hutibiwa kwa udongo, njoo." Wanawake wakacheka, wakaanza kupiga vigelegele, na Aneth alikuwa mlangoni ananitazama. Nikamwona yule binti uso wake. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikavua viatu, nikaja na kitenge kirefu hadi chini, nikaingia upesi.

Halafu kikatokea kitu ambacho nakuambia wewe tu. Walipopandisha vitenge vyao kukanyaga, na mimi nikapandisha. Udongo ulikuwa umenifika magotini. Na nilipotazama chini, dada, sikuuona mguu wangu. Niliona magogo ya udongo, yangu na ya Asnath na ya wote, mengine manene mengine membamba, tope limewashika wote vilevile. Hakuna aliyenitazama. Miaka kumi na minne sijapandisha kitenge mbele za watu. Niliimba. Niliruka. Walipochoka wakatoka kwenda kunawa, mimi nikabaki, nikasema naendelea kulainisha, kumbe naogopa kunawa. Nilikaa humo mpaka udongo ukaanza kukauka mguuni. Sikunawa hadi wageni walipoondoka jioni, na hata hapo nilinawa harakaharaka kwa maji ya kisimani, bila sabuni, gizani nyuma ya zizi.

Usiku huo nilimwambia Aneth nikicheka, "Mwanangu, kwenye udongo miguu yote ni sawa." Tukacheka wote.

Daktari alipoukagua mguu alitoa kijiti katikati ya vidole, kidogo kama mwiba wa samaki. Anasema huenda mlango ulikuwa huo, au ulikuwa mpasuko mwingine tu, hajui. Uvimbe sasa umepita goti. Zamani ulikuwa unapungua nikilala umeinuliwa. Sasa nalala, naamka, uko vilevile. Viatu vyangu vile nilivyokuonyesha, mgonjwa wa jirani nimempa.

Nasali rozari lakini nafika katikati nasahau nilikuwa naomba nini.

Emiliana


Iguguno, 30 Julai 2023

Emiliana wangu,

Nilitaka kukugombeza. Nilianza karatasi moja nikaichana. Nikaanza ya pili, nikakuta najiandikia mimi mwenyewe, yule aliyempa mwenye wembe mguu.

Nimesoma pale ulipoimba, nikasimama pale. Mteja kaniita mara ngapi sijui. Mimi sijawahi kuingia kwenye udongo huo, na ningekuwa mimi, na kama binti yangu Jesca angekuwa mlangoni na uso huo, sijui.

Lakini sasa tusikilizane. Mguu haujaisha. Umekuwa mkubwa, ndiyo, na sitakudanganya kwamba utarudi. Kazi iliyobaki ni kuuzuia usiingiwe tena. Kuosha ni kulekule, ila huwezi kuinama sasa na mikunjo ni mingi. Anahitajika mtu. Kabla Aneth hajaondoka kwako, mfundishe kukuosha. Akae chini, akushike mguu, aone kila mkunjo, ajue maji yakibaki humo ndani ngozi inaoza. Nesi Theodora alisema huu hauambukizi kwa kushikana. Ila alisema mbu aliyewauma wa nyumba moja huwauma wote, unakumbuka? Kwa hiyo muulize na yeye miguu yake. Muulize tu.

Nakuombea kwa Kilutheri, kwa sauti kubwa.

Luciana


Mgori, 15 Oktoba 2023

Dada Luciana,

Shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu kila nilichotaka kukuandikia kilikuwa kibaya.

Ndoa ilifungwa Agosti. Sikwenda kanisani. Antipasi aliwaambia wakwe nina malaria kali, nikafungiwa chumba cha ndani cha nyumba ile tuliyokandika. Nilisikia ngoma kupitia ukutani. Asnath alisema anaingia kumpa pole pacha wake, nikasikia dada wa Antipasi anamzuia, "Amelala, mama, ametoka kunywa dawa." Nililala nimegeukia ukuta, ile mistari niliyoichora kwa vidole iko upande wa pili.

Aneth aliingia kuniaga, na gauni lake. Nikasema moyoni, sasa ndiyo muda wa kumwonyesha kuosha, maana siku zote alikuwa anasema, "Mama, baada ya harusi." Akakaa kitandani, akavua viatu vile vyeupe apumzike kidogo. Dada, soksi ilikuwa imeacha mfereji kwenye kifundo chake cha kushoto. Nikaweka kidole gumba, nikabonyeza. Shimo likabaki. Nikasubiri. Likabaki.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema ni viatu vya harusi. Nikamuuliza tena. Akasema, tangu kabla ya posa, jioni kinajaa, asubuhi kinapungua. Nikamwambia mwanangu twende hospitali, kikiwa hivyo bado kinazuilika, ukianza kuosha sasa na kuvaa viatu na kutibu kila mchubuko hutafika nilipofika. Akaniwekea mkono mdomoni. Kwa upole, dada, siyo kwa hasira. Akasema, "Mama, wakisikia je? Si wewe uliyeniambia kwenye udongo miguu yote ni sawa?" Akavaa viatu, akatoka. Wakapiga vigelegele.

Nimempigia mara tatu kwa simu ya Antipasi. Anajibu, "Wote wazima mama, Sostenes anakusalimu," na nyuma nasikia sauti ya Asnath. Siwezi kusema kitu.

Mimi homa imerudi mara moja tangu hapo. Ananiosha dada wa Antipasi, anageuza uso pembeni, katikati ya vidole hafiki. Simlaumu.

Nakuomba jambo moja kubwa. Nenda Unyambwa. Wewe huogopi watu. Nenda kama muuza mafuta, umkute Asnath na Aneth pamoja, upandishe kitenge chako uwaonyeshe. Useme ulilazwa na mimi. Sema yote, hata la malaria. Nimekubali wanitukane. Asnath ana moyo, akijua huenda ndiye atakayempeleka. Ikishindikana hata kwa uwazi huo, hakuna namna nyingine.

Emiliana


Iguguno, 12 Novemba 2023

Mama Aneth,

Nimekwenda. Ninakuandikia yote kama yalivyokuwa, kwa sababu tuliahidiana kutofichana.

Nilibeba galoni ya mafuta, na beseni jipya la bluu, sabuni, kitambaa na tyubu za dawa ndani ya mfuko. Niliwakuta uani wanapepeta mtama. Aneth kaniona nikiwa bado getini. Tulionana siku ile alipokuletea uji wodini, kwa hiyo alinijua. Alishika ungo akaacha kupepeta.

Nilisalimia, nikakaribishwa kigoda, Asnath akaonja mafuta akasema ni mazuri lakini muuzaji ni mnene kuliko bidhaa. Tukacheka. Nikaona ni mtu ninayeweza kuongea naye. Nikapandisha kitenge. Nikasema, "Mama, huu mguu wangu ulianza kama uvimbe wa jioni. Nimelazwa na mwenzangu wa Mgori, mama yake Aneth, naye ana kama huu. Nimekuja kwa ajili ya binti."

Asnath hakunitazama mimi. Alimgeukia Aneth akamuuliza, "Mama yako ana mguu kama huo?"

Aneth kasema, "Hapana, mama."

"Na huyu unamfahamu?"

"Simfahamu. Labda amepotea nyumba."

Asnath akaniambia pole sana, kuna watu wanatembea kuharibia watu nyumba zao, na kama nina shida ya mguu kuna hospitali. Alisema bila kelele. Akamwambia Aneth, msindikize mgeni.

Emiliana, alinisindikiza kama mkwe mwenye adabu, amenibebea galoni. Amevaa raba zilizofungwa kamba, na juu ya kamba nyama imefura. Tulipofika pale ambapo sauti haifiki nyumbani ndipo alipopiga goti kidogo akaniambia, "Shikamoo, shangazi." Nikamwambia marahaba. Nikampa mfuko. Akautazama, akashika ile tyubu ya dawa akaisoma, akairudisha. Akasema, "Beseni jipya wataniuliza la nini." Nikamwambia chukua basi dawa peke yake. Akasema, "Nitaiweka wapi? Kabati ni moja." Kisha akasema, "Shangazi, tafadhali usirudi tena. Mwambie mama nipo salama." Akarudi, na alipokaribia uani akaacha kuchechemea.

Nilikaa kituoni hadi basi la jioni. Nilikuwa na maneno mengi, mimi wa kuwajibu madereva.

Nisamehe. Nadhani nimeufunga mlango zaidi.

Luciana


Mgori, 27 Novemba 2023

Dada Luciana,

Shikamoo. Hujaufunga wewe. Usimlaumu na yeye. Maneno aliyokujibu nimeyasoma nikayatambua moja moja, ni ya nyumbani kwangu. Hata lile la kuacha kuchechemea ukikaribia watu ni mimi niliyemfundisha, bila kumwambia, kwa kutembea tu mbele yake tangu akiwa mdogo.

Nimemwambia Padre. Kasema atapita Unyambwa, lakini kasema pia hawezi kumlazimisha mke wa mtu avue viatu. Jana Antipasi alinikuta nahangaika kuufikia mguu, akakaa chini, akachukua kitambaa akaanza kunikausha katikati ya vidole, vibaya vibaya, kwa nguvu mno, lakini alifika. Nakuambia hili ili ujue kwamba bado naosha. Naosha kila siku, maana sijui kufanya kingine, na kwa sababu nilikuahidi.

Leo asubuhi Aneth katuma picha kwenye simu ya baba yake. Wanawajengea chumba chao kabla mvua hazijashika. Wanawake wa Unyambwa wamejaa uani wanakanyaga udongo, tope hadi magotini, Asnath katikati amepandisha mikono, na Aneth wangu yupo kando yake, kitenge amekikunja kiunoni, kinywa wazi anaimba. Amependeza. Antipasi akasema, "Angalia mtoto anavyofurahi."

Nikamwomba aikuze picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akashuka chini mpaka kwenye miguu. Nimeitazama muda mrefu, dada, ya wote, mmoja baada ya mwingine. Siwezi kukuambia upi ni wa mwanangu.

Emiliana